MAHINDI NA KAMERA: NAMNA WATU WA TEXAS WANAVYOJITAYARISHA KUWINDA AYALA

Tulipoandika kwenye ubao wa matangazo kwamba namba hii ya gazeti yetu itaeleza namna watu wa Texas, kule Marekani, wanavyowamwagia wanyama wa porini mahindi kwa magunia, wenzetu wengi walisema hiyo ni uongo. Mahindi ni ya kusaga, ni ya bukari, na yakibaki ni ya kuku. Nani mwenye akili atayapeleka porini? Kumbe ni kweli, tena si watu wachache. Kila mwaka, mbele ya mwezi wa 11, mahindi ya namna hiyo yanauzwa kule hata kwenye vituo vya petroli, magunia ya kilo 18 ao 23 yamepangwa nje karibu na mlango. Basi tumeona vizuri tueleze jambo lote, kwa sababu ndani yake mna biolojia, mna hesabu, mna sheria, na mna ugonjwa mmoja mbaya ambao wataalamu hawajajua namna ya kuushinda.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Wafaransa wanamwita cerf. Hapa kwetu Kongo hatuna yeye. Tuna mbawala, tuna mboloko, tuna okapi, lakini hao wote si jamaa yake ya karibu. Wale waliosoma Zaburi ya 42 katika Biblia ya Kiswahili wamekutana na neno ayala, na sisi tutatumia neno hilo. Ayala wa Texas ana mkia mweupe chini. Akiogopa anauinua juu sawa bendera, na unamwona anakimbia na ile nyeupe inapepea.

Tofauti kubwa kati yake na mbawala iko kwenye pembe. Mbawala anapata pembe mara moja, anazeeka nazo. Ayala dume anazitupa kila mwaka. Zinaanguka wakati wa baridi, kisha zinaota tena toka mwezi wa 4 hivi, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya na damu ndani. Mwezi wa 9 ngozi ile inakauka, dume anaisugua kwenye miti mpaka inatoka, na pembe zinabaki mfupa mtupu. Kwa muda wa miezi tano tu mwili wake umejenga mfupa wa kilo moja, mbili, ao zaidi. Na kila dume ana pembe za umbo lake: huyu ana matawi nane, yule kumi, mwingine moja limepinda. Mkumbuke neno hilo, tutalirudilia kwenye hesabu.

Inakadiriwa kwamba Texas peke yake ina ayala zaidi ya milioni 5, na Marekani yote karibu milioni 30. Si kwamba walikuwa wengi hivyo siku zote. Karibu na mwaka wa 1900 walikuwa wamebaki nusu milioni hivi katika inchi nzima, ao chini ya hapo, kwa sababu watu walikuwa wanawaua kwa kuuza nyama na ngozi sokoni, bila kipimo. Mwaka wa 1900 ilitoka sheria inayoitwa Lacey Act, inayokataza kubeba toka jimbo moja mpaka lingine nyama iliyopatikana kwa kuvunja sheria. Mwaka wa 1937 ikatoka nyingine inayosema kwamba feza ya kodi juu ya bunduki ndefu na risasi, ambayo leo ni asilimia 11, ipelekwe kwa kazi ya kulinda wanyama. Mpaka leo mwindaji wa kule akiua ayala, haruhusiwi kuuza nyama yake hata kipande. Atakula nyumbani kwake, atagawia jirani, ao atatoa kwa wenye njaa. Tunaomba wasomaji wasipite haraka hapa, sababu huku kwetu nyama ya pori inafika sokoni kwanza, kisha nyumbani.

Pembe, wingi na sheria, hayo matatu njo yanaeleza kwa nini kuna majira ya kuwinda. Huko Texas, majira ya bunduki yanafunguliwa Siku ya Posho ya kwanza ya mwezi wa 11 na kufungwa katika mwezi wa kwanza. Wenye upinde na mishale wanaanza mbele kidogo, karibu na mwanzo wa mwezi wa 10. Mtu ananunua permi, na pamoja na permi anapewa vikaratasi vya kufunga kwenye mnyama aliyeuawa. Kwa mwaka mmoja haruhusiwi kupita ayala watano, na kati yao dume wasipite watatu. Tena katika wilaya nyingi hesabu ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo mwindaji ana siku chache na vikaratasi vichache. Hataki kupoteza siku akikaa fasi ambayo mnyama hapiti. Njo maana kazi yake inaanza miezi miwili ao mitatu mbele.

MASHINI YA MAHINDI

Tusifikiri ni mtu anatembea na kikapo akimwaga. Ni mashini. Wanatwaa pipa, mara nyingi lile la litri 200 sawa mapipa yetu ya mafuta, wanalisimamisha juu ya miguu tatu ya chuma, urefu wa mtu ao kupita. Chini ya pipa mna tundu, na chini ya tundu mna sahani ndogo inayozungushwa na mota. Mota inapata nguvu kwa betri, na betri inachajiwa na kibao cha jua. Mna saa ndani. Saa ikifika, tuseme saa kumi na mbili na nusu asubui na tena saa kumi na moja ya mangaribi, mota inazunguka kwa muda wa sekunde chache, sahani inarusha mahindi pande zote, kisha inanyamaza. Hakuna mtu karibu.

Pipa la namna hiyo linaingiza mahindi makavu karibu kilo 150. Kama mwenye shamba amepanga saa yake itupe kilo 2 na nusu kwa siku, pipa litadumu siku 60. Hesabu ni nyepesi, lakini wale wenye shamba kubwa hawana pipa moja. Wana tano, wana kumi, na kila moja inataka gari la kulijaza.

Ayala anajifunza upesi. Siku za kwanza sauti ya mota inamkimbiza. Kisha juma moja ao mbili anaelewa kwamba ile sauti ni chakula, na akiisikia anakuja mbio, sawa vile sisi wa internat tunavyoijua kengele ya bukari kati ya kengele zote. Siyo yeye peke yake. Wanakuja ndege, wanakuja rakuni, mnyama mdogo mwenye mikono ya mwizi, anayepanda mguu wa mashini na kuzungusha sahani yeye mwenyewe kwa vidole. Wanakuja zaidi nguruwe wa pori. Hao si wa asili ya Marekani, waliletwa na Wazungu wa Ulaya, wakatoroka, wakazaana, na leo ni hasara kubwa kwa mashamba ya Texas. Kwa sababu yao mashini nyingi zimezungushiwa ua wa chuma unaofika kiunoni: ayala anauruka bila shida, nguruwe anabaki nje akinung'unika.

Sasa, wapi mtu anaweka mashini? Si katikati ya uwanja mweupe, si katikati ya msitu mzito. Anatafuta ukingo, fasi ambapo miti inakutana na majani, karibu na njia ambazo wanyama wanatumia tayari kwenda kunywa ao kulala. Kisha anajenga kibanda chake mbali, kama metre 100 kwa mwenye bunduki, metre 20 tu kwa mwenye upinde. Na anafikiri juu ya upepo mbele ya yote. Pua ya ayala inapita macho yake mara nyingi. Upepo ukitoka kwa mwindaji kwenda kwa mashini, afazali arudi nyumbani akalale. Macho yake ayala hayaoni vizuri rangi nyekundu na ya machungwa. Kwa hiyo wawindaji wanaweza kuvaa koti la rangi ya machungwa inayowaka, wenzao wawaone wasiwapige, na mnyama haoni ajabu kubwa.

Pamoja na hayo yote, mahindi hayafanyi uchawi. Kufika mwezi wa 10 miti ya mwaloni inaangusha mbegu zake, na ayala anazipenda kuliko mahindi. Mwaka ambao mwaloni umezaa sana, mashini inatupa mahindi na hakuna anayekuja. Tena dume mzee, aliyeona majira mengi, hakimbilii mlio wa mota. Anasimama mbali upande ambao upepo unampelekea harufu, ananusa, anawaacha majike na vijana waingie kwanza. Akija, anakuja saa nane ya usiku. Na usiku kuwinda ayala imekatazwa.

TUMBO LA MNYAMA

Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu wengi wanafikiri mahindi ni zawadi kwa mnyama. Ayala anacheua. Ana tumbo la vyumba vine sawa mbuzi na ngombe, na katika chumba kikubwa cha kwanza mna vijidudu vingi sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyomsaidia kupika majani na matawi. Vijidudu hivyo vinafuata chakula: chakula kikibadilika polepole, navyo vinabadilika polepole. Lakini mnyama mwenye njaa akipata mahindi mengi kwa gafula, vile vinavyopenda wanga vinazaana haraka, vinatoa asidi nyingi, tumbo linachachuka, na mnyama anaweza kufa katika siku chache na tumbo limejaa. Yeyote kati yetu ambaye mbuzi wa kwao alivunja mlango wa gala la mahindi usiku anajua alimkuta namna gani asubui: amevimba, ameanguka, anakoroma. Ni jambo lile lile. Katika majimbo ya kaskazini, ambapo baridi ni kali na theluji imefunika majani, watu wenye huruma wamemwagia ayala mahindi na kuwakuta wamekufa karibu na chakula.

Tena mahindi ni wanga. Yanatoa nguvu na mafuta, hayajengi mwili sana. Mahindi yana protini kama asilimia 8 ao 9. Dume anayeotesha pembe anataka karibu asilimia 16. Kwa hiyo mtu anayesema anatoa mahindi ili pembe ziwe kubwa hajaelewa: mahindi yanamleta mnyama, hayamjengi.

Na iko kitu kingine ambacho kinatuhusu sisi hapa moja kwa moja. Mahindi yakilowa ndani ya pipa, yanaota ukungu wa rangi ya kijani na njano, na ukungu ule unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu ini. Ndege wanaumia nayo haraka kuliko ayala, na mashini iliyosahauliwa na mvua inaweza kuwatilia sumu batamzinga wa pori wa pande zote. Kwa chakula cha watu, serkali ya Marekani haikubali aflatoksini ipite sehemu 20 kwa milioni elfu. Kipimo hicho ni kidogo kama nini! Lakini sababu iko: mwaka wa 2004, katika Kenya ya mashariki, watu 317 waligonjwa kwa kula mahindi yaliyowekwa na unyevu, na 125 walikufa. Kupika hakuondoi sumu hii. Mahindi yenye ukungu tunayoyachagua na kusema «yatafaa kwa kuku» ao «yatafaa kwa bia» bado yana sumu yake.

JICHO LINALOKESHA

Mashini inamleta mnyama, lakini mwenye mashini hayupo pale. Atajua namna gani nani amekuja? Zamani alisoma nyayo na mavi, na mpaka leo mwindaji mzuri anasoma hivyo. Siku hizi anafunga kamera kwenye mti.

Kamera hiyo ni kasha ndogo, kiasi cha Biblia ya mfuko, rangi ya maganda ya mti. Ndani mna majiwe ya tochi, zile tunaziita pile, mara nyingi nane, na kadi ya kuweka picha. Mbele mna vitu tatu: jicho la kupigia picha, taa, na kioo kidogo kinachopima joto. Hicho cha tatu njo fundi wa kazi yote. Kila mwili wenye damu ya moto unatoa miali ya infraruji, isiyoonekana kwa macho yetu. Kioo kinapima miali ile katika sehemu mbalimbali za mbele yake. Kitu cha moto kikitoka sehemu moja na kuingia nyingine, kamera inaamka na kupiga picha chini ya sekunde moja. Mti hauna tofauti ya joto na hautembei, hauiamshi. Lakini tawi lililopashwa na jua na kutikiswa na upepo linaiamsha, na mtu anakuta picha elfu mbili za tawi. Kwa hiyo wanaifunga ikitazama kaskazini, jua lisiingie machoni pake (sisi tulio karibu na ikweta tungefikiri kwa namna ingine), na wanakata majani ya mbele. Urefu ni wa kiuno cha mtu.

Usiku inapiga kwa taa ya infraruji. Mnyama hashituki. Picha inatoka bila rangi, nyeupe na nyeusi, na macho yanawaka sawa taa mbili. Chini ya kila picha imeandikwa tarehe, saa, na kipimo cha joto, na nyingine zinaandika hata sura ya mwezi. Kamera mpya zina telefoni ndani: mnyama akipita, picha inafika kwa mwenyewe katika dakika chache, hata yeye akiwa mjini Houston kazini.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Karibu miaka 130 iliyopita, katika jimbo la Michigan, George Shiras, avoka na baadaye mbunge, aliweka kamera porini na kuifunga kwa kamba, na kwenye kamba aliweka chakula. Mnyama akivuta kamba, unga wa magnesiamu ulilipuka kwa mwangaza mkubwa, na picha ikapigwa. Mnyama alijipiga picha yeye mwenyewe! Mwezi wa 7 wa mwaka wa 1906 gazeti la National Geographic lilitoa picha zake 74. Shiras alikuwa mwindaji wa bunduki, na polepole aliiacha kwa ajili ya kamera.

Sasa tufike kwenye hesabu tuliyoahidi. Mwaka wa 1997 Harry Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mississippi State walitoa namna ya kuhesabu ayala kwa kamera na mahindi. Wanaweka kamera moja kwa kila hektari 40 hivi, wanamwaga mahindi juma moja mbele ili wanyama wazoee, kisha kamera zinapiga siku 14. Shida ni hii: jike mmoja anaweza kupigwa picha mara hamsini, na majike wanafanana. Lakini dume hawafanani. Pembe zao ni sawa majina yaliyoandikwa kichwani. Basi tuseme tumepata picha 120 za dume, na tukiangalia pembe vizuri tunaona kwamba ni dume 15 tu. Gawanya 15 kwa 120, unapata 0,125. Maana yake, kila picha nane ni mnyama mmoja. Kama tuna picha 240 za majike, tunazidisha kwa 0,125, tunapata majike 30. Picha 160 za watoto zinatoa watoto 20. Jumla ni ayala 65. Hesabu hii inadai kwamba majike na watoto wanakuja kwa mahindi kwa kiasi kile kile cha dume, na hiyo si kweli kila mara. Kwa hiyo wataalamu wanaitumia kwa uangalifu. Lakini kwa mwenye shamba inatosha kuamua. Akiona majike ni wengi kupita majani ya shamba lake, ataua majike. Akiona watoto ni wachache, ataacha. Mwezi wa 8 na wa 9 ni wakati mzuri wa kazi hii: pembe zimekwisha kuota na watoto wanatembea na mama zao.

Mwindaji wa kawaida hafanyi hesabu yote hiyo. Yeye anatafuta dume mmoja. Anajua sura yake, anajua anakuja saa ngapi, na wengine wanampa hata jina. Picha inamsaidia pia kumwacha kijana wa miaka miwili akue. Katika hilo kamera imefanya mema: aliyemwona mnyama mara ishirini hapigi bunduki kwa harara ya sekunde moja.

UGONJWA USIO NA DAWA

Mwaka wa 1967, katika kituo kimoja cha uchunguzi huko Colorado, ayala waliofungwa walianza kukonda bila sababu, kutoa mate, kutembea vibaya, kufa. Ugonjwa huo hausababishwi na mikrobe ya kawaida. Ni protini ya ubongo iliyokunjwa vibaya, inayoitwa prioni, na kila protini nzuri ikiigusa, inakunjwa nayo. Ni jamaa ya ule ugonjwa wa ngombe wa Uingereza ambao redio zilisema sana juu yake mwaka wa 1996. Mnyama aliyeupata anaweza kuonekana mzima kwa mwaka mmoja ao zaidi, kisha anakufa. Hakuna aliyepona. Prioni inatoka katika mate, mkojo na mavi. Inakaa udongoni miaka mingi. Moto wa kupikia hauiui. Mpaka leo ugonjwa umeonekana katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani. Texas iliukuta mara ya kwanza mwaka wa 2012. Mtu hajathibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini waganga wa serkali wanashauri kwamba nyama ya ayala aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe.

Sasa fikirini mashini yetu ya mahindi. Porini ayala anakula huku na kule, jani hapa, tawi pale. Mahindi yanawakusanya fasi moja, kila siku, pua kwa pua, mate juu ya udongo mmoja, miezi tatu. Kama mtu angetafuta namna ya kugawanya ugonjwa, asingepata nzuri kuliko hiyo. Kwa sababu hiyo Illinois ilikataza kulisha ayala mwaka wa 2002, na Michigan ilikataza kuwavuta kwa chakula katika sehemu yake ya kusini mwaka wa 2019. Texas haikukataza. Sehemu kubwa ya inchi ile, zaidi ya asilimia 90, ni mali ya watu binafsi, vichaka vyake ni vizito, na wawindaji wanasema bila mahindi hawataua majike ya kutosha, na tena kwamba mnyama aliyesimama akila anapigwa vizuri na kufa upesi, hateseki. Neno hilo la mwisho tunalikubali. Lakini pia feza ya mahindi ni nyingi, wauzaji ni wengi, na tunafikiri jambo hilo linasaidia watu kusadiki.

Tena sheria yao ina ajabu. Kwa pipa lile lile, katika Texas ile ile, kupiga ayala ni halali na kupiga njiwa ni kosa, maana ndege wanaohama wanalindwa na sheria ya inchi nzima, nayo inakataza kabisa kuwavuta kwa nafaka. Hata ukiondoa mahindi, lazima siku 10 zipite.

Kuhusu kamera nako kuna mabishano. Boone and Crockett, chama cha wawindaji kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka wa 1887, hakimhesabii mtu mnyama aliyemwinda kwa picha zilizoletwa wakati ule ule na telefoni. Arizona ilikataza kamera zote kwa kuwinda toka tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 2022, sababu katika jangwa wanyama wote wanakuja kwenye visima vichache, na kila kisima kilikuwa kimezungukwa na kamera. Kati yetu wanaoandika habari hii tuligawanyika. Wengine walisema kwamba mnyama asiyeweza kunywa bila kuonekana hana bahati tena. Wengine walisema kamera haiui, bunduki njo inaua. Lakini sisi sote tulikubaliana kwamba kati ya mahindi na kamera, mahindi njo yenye hatari kubwa.

Huku kwetu kamera hizo ziko, na hakuna anayeziwekea mahindi. Wale wenzetu wanaotoka Mambasa, Epulu ao Beni wanaweza kuwa wameziona zimefungwa kwenye miti. Okapi anaishi Kongo tu, hakuna inchi ingine anapoishi porini, na katika Parke ya Virunga kuwapo kwake hakukuwa kumethibitishwa toka mwaka wa 1959. Mwaka wa 2008 kamera zilizowekwa kwenye njia za msitu zilileta picha zake, usiku, akitembea peke yake. Na namna wanavyowatambua ni ile ile ya Jacobson, ila mahali pa pembe wanasoma milia ya mapaja, ambayo haifanani kwa wanyama wawili. Mahindi hayahitajiki: okapi anakula majani, na kamera inamngoja fasi anapopita kila siku. Kamera hizo zinapiga pia watu wenye bunduki na wenye mitego ya waya, na kwa hiyo siku ingine zinaibwa ao kuvunjwa na shoka.

Turudi Texas kwa kumaliza. Majira yakifungwa, mashini nyingi zinaachwa ziishe. Mwezi wa 2 na wa 3 watu wanatembea porini, baba na watoto, macho chini, wakitafuta pembe zilizoanguka. Wakiokota moja wanaileta nyumbani, wanaiweka mezani karibu na picha za mwezi wa 9, wanahesabu matawi, wanatafuta ile iliyopinda. Wakiipata wanajua kwamba dume yule alipita majira, bado anaishi, na sasa anatembea mahali fulani kichwa chepesi. Wanabadilisha pile za kamera.